Chupa Tatu za Mutenka

Mliniacha wiki iliyopita nimepiga magoti mbele ya Matroni Kusunose, miguu imekufa ganzi, nikingoja hukumu. Kwa wale waliofungia samaki gazeti la siku ile kabla hawajalisoma, narudia kwa ufupi.

Mimi ni Tsukuda Wakana, umri miaka kumi na sita, mkazi wa chumba namba saba katika bweni la wasichana mjini Kochi. Kosa langu lilikuwa kuficha naruko, vile vibao vya mbao tunavyovitikisa kwenye ngoma ya Yosakoi, chini ya mto wa kukalia wa Matroni. Alipokaa, vikalia. Vililia kwa sauti ambayo siwezi kuieleza katika gazeti linalosomwa na familia.

"Tsukuda," Matroni alisema, "hili ni onyo la mwisho. Likitokea jingine, hata la kijiko kuwekwa upande usio wake, unafunga virago. Utakwenda kwa shangazi yako Asahikawa."

Asahikawa iko kaskazini kabisa mwa Japani, ambako theluji hupanda mpaka madirishani. Shangazi yangu hajacheka tangu nizaliwe, na wapo ndugu wanaosema kwamba hayo mawili yanahusiana.

Nikaapa kubadilika. Niliapa kwa moyo mweupe, na hapo ndipo balaa la pili lilipoanzia. Kila nilichokifanya baada ya kiapo kile, nilikifanya kwa nia njema.

Nia njema yangu ya kwanza ilikuwa uso wa Shiho.

Yorimitsu Shiho ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Ni msichana wa maneno machache na miguu myepesi, na mwalimu wa ngoma alikuwa amemchagua aongoze mstari wa mbele kwenye sherehe za Agosti. Tatizo lilikuwa ngozi yake. Shiho mwenyewe hakasiriki, ila ngozi yake hukasirika kwa niaba yake. Sabuni ikibadilishwa, mashavu yanawaka. Mto ukifuliwa kwa dawa mpya, shingo inawaka. Rangi za usoni za ngoma alipojaribishwa Juni, aliwaka mpaka masikio.

Na alikuwa na bibi. Bibi Kinu alipiga simu kila jioni kutoka Tosashimizu, kule kwenye ncha ya rasi, na hakuhitaji simu kuwekwa sauti ya juu ili chumba kizima kimsikie.

"Vihifadhi, Shiho! Ni vihifadhi vinavyokuunguza! Usijipake kitu chenye vihifadhi!"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nina miaka sabini na minane na sijahifadhiwa na mtu!"

Basi Jumamosi moja ya Julai, jua likichoma na mvua ikinyesha kwa pamoja kama kawaida yake, nikamshika Shiho mkono nikampeleka kwenye duka la dawa la Bwana Okabayashi. Huyu ni mzee mwenye kipara kinachong'aa kiasi kwamba hahitaji tangazo jingine la bidhaa zake.

"Tunataka losheni ya upole," nikasema.

"Upole wa kiasi gani?"

"Isiyo na vihifadhi," Shiho akanong'ona. "Bibi amesema."

Bwana Okabayashi akavuta pumzi kwa meno, kama wafanyavyo watu wazima wa kwetu wanapotaka kukataa bila kutamka neno. Kisha akapanga chupa tatu juu ya meza.

"Hii ya kwanza imeandikwa kwamba haina parabeni."

"Hiyo hiyo!" nikasema.

"Tulia, binti. Geuza nyuma. Unaliona hili jina refu hapa chini? Nacho ni kihifadhi. Wamemwachisha kazi mlinzi mmoja, wakaajiri mwingine, halafu wakabandika tangazo mlangoni kwamba yule wa kwanza hayupo."

"Kumbe waongo?"

"Si waongo. Wamesema kweli ya upande wa mbele tu." Akaisogeza ya pili. "Hii ina parabeni, kidogo sana. Watu wengi wenye ngozi nyepesi wanaitumia na hawajawahi kunirudishia. Mngekuwa wajukuu zangu, ningewapa hii."

Shiho akarudi nyuma hatua mbili, kana kwamba ile chupa imempigia chafya.

"Na ya tatu?" nikauliza.

"Ya tatu haina kihifadhi cha aina yoyote. Ni maji, gliserini, na maji ya mchele uliochachushwa, basi. Hii ni mutenka."

Mutenka! Hakuna kilichoongezwa! Kwetu neno hilo linaandikwa kwenye miso ya kupikia, kwenye sabuni, kwenye biskuti za watoto na kwenye chakula cha mbwa, na mtu mzima akiliona huinamisha kichwa kidogo bila kujijua. Shiho aliinamisha. Nami nikajikuta nimeinamisha.

"Lakini nisikilizeni," Bwana Okabayashi akasema. "Kitu kisicho na kihifadhi huoza. Vijidudu havijui kwamba bibi yenu ana msimamo. Kwa hiyo ikae kwenye friji. Itumike wiki mbili, ikibaki imwagwe. Msiguse mdomo wa chupa kwa vidole. Jaribuni kwanza ndani ya mkono, mngoje siku mbili. Na kubwa kuliko yote, msiihamishie kwenye chupa nyingine. Hata muioshe vipi. Mmenielewa?"

"Neno kwa neno," nikasema.

Na ni kweli nilielewa neno kwa neno. Katika kuelewa sijawahi kushindwa. Mimi hushindwa baadaye.

Siku mbili tukaipaka ndani ya mkono wa Shiho, na mkono ukatulia kama bwawa. Jumatatu asubuhi tukakubaliana kwamba jioni hiyo ianze kupakwa usoni.

Sasa friji. Vyumbani hatuna. Friji pekee iko jikoni, na jikoni hupita wasichana wa mwaka wa tatu, watu wenye vidole virefu na ngozi zenye kiu. Chupa ya losheni ilikuwa nzuri, ndefu, ina picha ya suke la mpunga. Chupa kama ile ingefikia Jumatano ikiwa na suke tu.

"Tuifiche," nikamwambia Shiho.

"Bwana Okabayashi alisema isihamishwe."

"Alisema hivyo kwa sababu hawajui wasichana wa mwaka wa tatu."

Shiho alifikiri. "Wewe ndiye unayejua," akasema, maana alikuwa akiniamini, na hili nawaomba mlikumbuke mnaponihukumu.

Nikachukua chupa tupu moja kwenye rafu ya Mama Chikamori, mpishi wetu. Nikaichemsha dakika kumi, maana mimi si mshenzi. Nikaijaza losheni, ikawa na rangi ya chai iliyorudiwa mara ya tatu. Kisha nikakata kipande cha utepe mweupe nikabandika ubavuni. Hapo nikasita. Niandike nini?

Kuandika "Sumu" kungekuwa uongo, tena utani, na nilishaapa. Kuandika "Losheni ya Shiho" kungekuwa kadi ya mwaliko. Nikaamua kuandika ukweli mtupu.

Nikaandika: MUTENKA.

Msomaji, najua umeshaona. Mimi sikuona.

Mama Chikamori ni mwanamke mpana wa mabega anayeuchukia unga wa supu wa pakiti kama vile ulimvunjia uchumba. Kila alfajiri huchemsha dashi yake, ile supu nyepesi ya vipande vya samaki mkavu aina ya sehewa, akaipoza, akaitia kwenye chupa na kuipanga frijini. Chupa zake ni zilezile. Rangi ni ileile. Na kwa kuwa ni mtu anayejivunia kazi yake, juu ya kila chupa hubandika utepe mweupe ulioandikwa kwa fahari neno moja.

Jumatatu hiyo aliikuta chupa ya tatu pembeni peke yake. Akafikiri ni yake imepotea njia. Akaipanga pamoja na dada zake.

Jioni nikafungua friji, nikachukua chupa ambayo sasa ndiyo ilikuwa pembeni, nikampelekea Shiho. Akamimina kiganjani. Akainusa. Akajipaka.

"Ikoje?" nikamuuliza.

"Ya baridi," akasema.

Kulikuwa na harufu ya samaki, sikatai. Lakini mji wetu mzima unanuka sehewa. Wanachomwa kwa moto wa majani makavu mpaka harufu inaingia kwenye madaftari. Nani ashtuke?

Jumanne, kwenye mazoezi ya ngoma, paka mmoja alikuja akaketi mbele ya Shiho.

Jumatano walikuja wanne.

"Yorimitsu," mwalimu wa ngoma akasema, "hawa paka ni wako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mbona wanakutazama wewe tu?"

"Labda wanapenda ngoma," mimi nikamjibia.

"Tsukuda, kuna aliyekuuliza?"

Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilijiona nimepata losheni ambayo hata wanyama wameitambua. Na ajabu zaidi, wekundu wa mashavu ya Shiho ulikuwa unapungua. Jumatano jioni uso ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Nikamwambia hivyo. Yeye akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, na kama mtu aliyepewa habari mbaya, akasema, "Kweli."

Nilidhani ni unyenyekevu.

Alhamisi, Bibi Kinu akafika mwenyewe.

Alishuka basi kiuno kikiwa kimepinda lakini kidevu kimenyooka, akapita kwa Matroni kusalimia, akainama mara tatu, akaja moja kwa moja kwa Shiho, akamshika kidevu.

"Geuka. Geukia dirishani. Huku. Hm." Akamkagua kama mtu anayenunua tikitimaji. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi? Vihifadhi vimetoka, uso umerudi!"

Akamvuta karibu. Pua yake ikagusa shavu la mjukuu. Akafumba macho.

"Tena unanukia nyumbani," akasema.

Kisha akanigeukia mimi, akainama. Aliinama kwa heshima kubwa, mtu wa miaka sabini na minane, mbele ya mtu aliyekuwa na naruko mfukoni kwa bahati mbaya tu.

"Wewe ndiye Tsukuda. Umemtunza mjukuu wangu. Asante, mwanangu."

Naomba mjue kwamba sijawahi kuinamiwa vile. Nilitaka niondoke na kuinama kule nikakutie kwenye fremu.

Saa sita Matroni akamkaribisha Bibi chakula. Joto lilikuwa limetubana, kwa hiyo Mama Chikamori akaandaa tambi nyembamba za baridi, zile za kuchovya kwenye kibakuli cha mchuzi. Mimi nilipewa kazi ya kupeleka chai. Shiho alikuwa amerudi kwenye mazoezi.

"Bibi," Mama Chikamori akasema huku akimimina, "hii dashi yangu naichemsha kwa mikono yangu. Sijui pakiti, sijui kihifadhi."

"Mutenka?" Bibi Kinu akauliza.

"Mutenka, Bibi!"

Wakainamiana kama majenerali wawili wa jeshi moja.

Bibi akachovya. Akavuta tambi kwa sauti ya heshima. Akachovya tena.

"Huu mchuzi," akasema polepole. "Ni laini. Unateleza wenyewe."

"Leo umejitia na utamu," Mama Chikamori akasema, uso umemnawiri. "Nimeonja nikashangaa. Sikutia hata tone la pombe tamu. Soya na tangawizi tu!"

"Koo langu halijapata kitu kama hiki tangu ujana. Ongeza."

Akaongezewa. Mimi nikaweka kikombe cha chai, na jicho langu likatua kwenye chupa iliyokuwa kwenye sinia la mpishi. Utepe mweupe. Mutenka. Na ule mstari wa mwisho wa neno, uliorefuka kupita mpaka wake, jambo ambalo mwalimu wa mwandiko amenikataza tangu shule ya msingi.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nilisimama pale na sinia la chai mkononi. Akili yangu, ambayo siku za utani hukimbia kama panya, ilitembea hatua moja moja. Ikiwa losheni iko kwenye bakuli la Bibi. Basi kwenye uso wa Shiho. Tangu Jumatatu. Paka wanne.

"Tsukuda," Matroni akasema, "mbona umegeuka jiwe?"

"Ninaheshimu chakula, Matroni."

Nikatoka kinyumenyume. Ukumbini nikaidaka simu ya bweni, nikampigia Bwana Okabayashi.

"Ile losheni," nikasema, "mtu akiinywa?"

"Nani ameinywa?"

"Mtu mmoja. Wa miaka sabini na minane."

"Anajisikiaje?"

"Ameongeza bakuli."

Nikamsikia akivuta pumzi kwa meno, safari hii pumzi yote ya wilaya. "Kwa vilivyomo, kiasi kidogo hakitamdhuru, labda tumbo litamkimbia. Lakini mwambieni, mumwangalie, na akiona vibaya tu aende hospitali hapohapo. Msimfiche. Sasa niambie. Ikiwa losheni imekwenda mezani, usoni kumekwenda nini?"

"Dashi."

"Dashi!"

"Ya sehewa. Mutenka."

"Binti. Supu ya siku nne, mwezi wa Julai, juu ya ngozi yenye mipasuko? Mwambie aache leo hii. Siyo kesho."

"Lakini uso umepona, Bwana Okabayashi."

"Alikuwa akipaka vitu vingapi kabla?"

Nikahesabu. "Vitano. Sita na ile krimu ya shangazi yake."

"Na akaviacha vyote Jumatatu?"

"Vyote."

"Basi ngozi imepumzika, ndiyo maana. Msiende kumshukuru samaki." Akakata.

Nikabaki na mkono wa simu. Nawaomba mlione jambo hili kama nilivyoliona mimi siku ile. Hakuna aliyejua. Bibi alikuwa na furaha, mpishi alikuwa na fahari, Matroni alikuwa ameridhika. Ningeweza kumwaga chupa zote tatu kwenye sinki, nikamnong'oneza Shiho abadilishe losheni, nikalala usingizi katika chumba namba saba mpaka nihitimu. Nikisema, naenda Asahikawa. Siyo labda. Onyo la mwisho lilikuwa limeshatoka, limeandikwa, limepigwa muhuri.

Lakini Bwana Okabayashi alisema Bibi aambiwe. Na yule bibi alikuwa ameniinamia.

Nikarudi. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaweka viganja chini na paji la uso juu yake.

"Tsukuda, umefanya nini?" Matroni akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na anataka namba ya kosa tu.

Nikasema yote. Nilianza na duka la dawa nikamalizia na paka. Nilipofika kwenye chupa, Mama Chikamori alinyanyua ile iliyo kwenye sinia, akainusa, akatia tone ulimini, akaketi chini bila mto.

"Nimempikia mgeni losheni," akasema. "Miaka ishirini na sita jikoni. Nimempikia mgeni losheni, na nikajisifu."

Bibi Kinu alikuwa bado na vijiti mkononi.

"Samahani sana, Bibi," nikauambia mkeka. "Inabidi tukuangalie. Tumbo linaweza kukusumbua."

"Inua uso," akasema. Nikainua. "Hiyo losheni ina vihifadhi?"

"Hapana, Bibi. Hata kimoja."

"Una hakika?"

"Maji, gliserini, na mchele uliochachushwa."

Bibi akaweka vijiti chini, akavilinganisha. "Basi nimekula vibaya zaidi ya hapo katika hoteli za watu wanaojiheshimu."

Nilidhani nimeona mwanga. Matroni akauzima. Alivuta droo ya meza yake ndogo, akatoa fomu. Niliitambua kwa rangi. Ni ya kijivu, kama barabara ya kwenda Asahikawa.

"Chupa kufichwa. Mpishi kudanganywa. Mzazi wa mwanafunzi kulishwa kipodozi. Uso wa kiongozi wa ngoma kupakwa supu," akasema. "Utani wako umevuka mpaka, Tsukuda."

"Haukuwa utani, Matroni."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Mlango wa karatasi ukasukumwa. Shiho alisimama pale, jasho la mazoezi shingoni, na nyuma yake, kwenye ngazi za nje, paka sita wameketi kwa mstari.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" Matroni akauliza.

"Kwamba ni dashi." Akapiga magoti kando yangu. "Tangu Jumatatu. Matroni, mimi ni mtoto wa Tosashimizu. Kwetu wanakausha sehewa tangu babu wa babu. Naweza kukwambia alikaushwa mwezi gani."

Nikageuka kumtazama. "Ulijua, ukajipaka?"

"Nilijipaka mara mbili kwa siku."

"Kwa nini, wewe?"

Hapo Shiho, ambaye kwa mwaka mzima sikumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, akazisema zote.

"Nilitaka niharibike. Nilitaka uso uwake kiasi kwamba wanitoe mstari wa mbele, na isiwe mimi niliyekataa. Wewe Wakana unapenda kutazamwa, hata ukipewa onyo unafurahi kwa kuwa kuna watu. Mimi nimetazamwa tangu chekechea. Kila mtu akiongea na mimi anaongea na mashavu yangu. Sasa niende barabarani, watu wamejaa pande zote mbili, na mimi nipo mbele?" Akafuta pua kwa mkono wa nguo. "Lakini nikapona. Nimejipaka supu ya samaki siku nne, nikapona! Hata uso wangu haunisikilizi."

Mama Chikamori alitoa sauti ndogo, sijui kilio au kicheko. Bibi Kinu hakutoa yoyote. Alikuwa akimtazama mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa akiyatazama mashavu.

"Shiho," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Kila nikipokea simu, Bibi, unaanza na vihifadhi."

"Matroni," Shiho akaendelea, "Wakana alikosea chupa. Mimi sikukosea. Nilijua na nikanyamaza, na bibi yangu amekula losheni kwa sababu nilinyamaza. Niandike mimi. Nikiondoka, mstari wa mbele utapata mtu anayeutaka."

"Usimsikilize!" nikasema. "Chupa niliihamisha mimi. Nilikatazwa nikaihamisha. Mwandiko ni wangu, onyo ni langu, shangazi ni wangu!"

"Ni mimi, Matroni."

"Mimi, Matroni."

"Andika langu," Bibi Kinu akasema. "Mimi ndiye niliyekula ushahidi."

"Kimya!" Matroni akapiga meza. Vikombe vikaruka, vikarudi. "Hapa si mnadani. Hii fomu inakwenda kwa Mkuu wa Shule leo kabla ya saa tisa, na ina nafasi ya jina moja. Kosa limetokea bwenini kwangu, na lazima liwe na mwenyewe. Nimesikia ya kutosha."

Akafungua kifuniko cha kalamu ya brashi.

Sasa nitawaeleza kitu ambacho sikukitegemea. Siku nne zote nilikuwa nikiogopa jina langu lisije likaandikwa kwenye karatasi ile. Lakini nilipomwona Shiho amepiga magoti, mikono juu ya mapaja, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, nikaanza kuomba moyoni liandikwe langu. Nilimwomba kila aliye juu na aliye karibu. Nilikubali theluji. Nilimkubali na shangazi.

Karatasi ilikuwa imemwelekea Matroni, kwa hiyo mimi niliisoma kichwa chini miguu juu. Brashi ikagusa nafasi ya jina. Ikavuta mstari mmoja mfupi, wa kulalia kushoto. Ikarudi juu, ikavuta wa pili, wa kusimama wima. Ni ile alama ndogo ya mtu, inayokaa ubavuni mwa herufi nyingi.

Nilikodoa macho mpaka yakaniuma. Jina la ukoo wa Tsukuda huanza kwa mistari hiyo miwili. Na jina la ukoo wa Yorimitsu huanza kwa mistari hiyohiyo miwili.

Matroni akainua brashi, akatutazama mmoja mmoja, akaichovya wino tena.